Kinga, Bukari na Kipimo cha Wanga

Huku kwetu Katanga mtu aweza kula samaki na mayai na maharagwe mpaka ashibe, nawe ukimwuliza kama amekula atakujibu: «Bado.» Maana yake bukari haujafika mezani. Chakula kwetu ni bukari. Vingine vyote ni vya kuusindikiza. Basi fikirini wenyewe jinsi tulivyolipokea neno la mganga, alipotuambia kwamba tangu siku ile bukari ndio utakaozisindikiza mboga, wala si mboga zitakazousindikiza bukari.

Sisi tunaoandika haya tu watu wawili, mtu na mdogo wake, watoto wa mama mmoja, na wote wawili tumepita miaka hamsini. Ugonjwa wa kisukari ulitukuta mmoja baada ya mwingine, ule wa aina ya pili unaowashika hasa watu wazima. Kazi yetu ni kinga. Wasomaji wa mbali watuwie radhi: kinga ni baisikeli, ndivyo tunavyoiita sisi watu wa Lubumbashi. Siku tatu kwa juma twatoka mjini alfajiri, twafuata njia ya Kipushi, kilometa 30, kinga tupu. Huko twapakia mboga, nyanya na mayai, kisha twarudi sokoni na mzigo. Kwenda ni saa mbili. Kurudi ni saa tatu, na upepo ukiwa mbele hata zaidi. Kinga ndiyo inayolipa karo za watoto, na ndiyo iliyonunua mabati ya nyumba tunamolala. Kwa hiyo shauri la chakula halikuwa kwetu shauri la kupendeza mwili. Tukila wanga mwingi kama zamani, sukari itaharibu macho na figo na miguu, na mtu asiye na miguu hapandi kinga. Tukila kidogo mno, twaweza kuanguka njiani mbele ya magari ya mizigo, ambayo hayana desturi ya kumngoja mtu ainuke.

Karatasi tuliyopewa hospitalini ilikuwa nzuri, lakini iliandikwa kwa mtu anayeketi. Ilisema wanga usizidi gramu 130 kwa siku. Haikusema neno juu ya mtu anayekanyaga pedali saa tano na kapu mbili za nyanya nyuma yake. Tulimwuliza mganga. Naye, kwa kuwa ni mtu mkweli, alisema: «Nitawapa kipimo cha kuanzia. Kipimo chenyewe mtakiona katika daftari yenu, mkiandika kila siku na kuniletea.» Tangu hapo tukawa na daftari.

Kwanza tueleze wanga ni kitu gani, maana wengi hudhani kwamba ni sukari ya dukani tu. Wanga ni kile kilichomo katika unga wa mahindi na wa muhogo, katika wali, mkate, viazi, ndizi, na katika sukari yenyewe. Ukifika tumboni huvunjwa vipande vipande, ukaingia katika damu kama sukari. Unga mkavu wa mahindi, katika kila gramu 100, una wanga karibu gramu 75. Ule wa muhogo hupita 80. Ndiyo sababu sisi hatupimi bukari uliokwisha kupikwa, maana mama mmoja huupika mgumu na mwingine huupika laini, na maji hayana wanga. Twapima unga kabla haujaingia katika sufuria. Gramu 50 za unga hutoa bukari mdogo kama ngumi ya mtu, na wanga wake ni karibu gramu 40. Ngumi moja mchana, ngumi moja jioni, na kinachobaki ni maharagwe, nyanya, kitunguu: tunafika 110 hivi. Zamani, tukisema kweli, ngumi zilikuwa tatu au nne kwa mara moja, tena asubuhi mikate miwili ya mafuta na chai tamu.

Sahani haikubaki tupu. Sombe iliyotwangwa na karanga, matembele, lengalenga, samaki mkavu, mayai, parachichi wakati wake: mtu hafi njaa kwa vyakula hivi. Mama wa nyumbani mmoja alinung'unika kwamba sombe sasa yaisha upesi kuliko unga, naye alisema haki, kwa maana mboga na samaki vina bei kuliko bukari. Kula wanga kidogo si kula kwa bei ndogo. Jambo hili wanaotoa mashauri hawalisemi mara nyingi.

Sasa tuje kwenye miguu. Mwili una akiba mbili za kuchoma. Moja ni mafuta, nayo hata kwa mtu mwembamba ni kilo kadha wa kadha. Ya pili ni wanga uliowekwa katika misuli na ini, nao waitwa glikojeni: katika misuli gramu 400 hivi, katika ini gramu 100 hivi, basi. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu ya kalori 9, ya wanga 4. Ukihesabu hivyo utasema mafuta yatosha kumpeleka mtu mpaka Dar es Salaam bila kula, nawe hutakuwa umekosea katika hesabu. Lakini mafuta ni kama makala. Hukawia kushika moto, tena yanataka hewa nyingi, ila yakishika hudumu. Wanga ni kama nyasi kavu za mwezi wa nane: huwaka mara moja na kwa ukali, kisha zimekwisha. Katika njia tambarare, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza na mwenzake, makala yatosha. Ukifika mlimani na mzigo, ukaanza kuhema, mwili unataka nyasi. Na ubongo nao huitegemea sukari ya damu, ambayo ini ndiyo huilinda isishuke.

Mambo haya hayakutungwa na wauza chakula. Yalipimwa juu ya baisikeli zamani sana. Mwaka 1939, huko Denmark, Christensen na Hansen waliwaweka watu juu ya baisikeli isiyokwenda popote, wakawalisha kwa siku chache mafuta kwa wingi, na safari nyingine wanga kwa wingi. Waliokula wanga waliendelea kukanyaga zaidi ya mara mbili ya muda wa wale waliokula mafuta. Tena waliona kwamba mtu aliyekwisha kuchoka kabisa, akipewa sukari, aliweza kuendelea.

Lakini jaribio linalotupendeza kuliko yote ni lile la Stockholm. Mwaka 1966 waganga wawili, Bergström na Hultman, hawakutafuta watu wengine wa kuchomwa sindano. Walijichukua wao wenyewe. Waliketi huku na huku ya baisikeli moja, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja tu, mguu wa pili ukipumzika. Walikanyaga mpaka mguu ule ukakataa. Kisha kwa sindano maalum walitoa vipande vidogo vya msuli, wa mguu uliofanya kazi na wa mguu uliokaa. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umemaliza glikojeni yake karibu yote. Uliokaa ulikuwa nayo kama kwanza. Halafu kwa siku tatu walikula wanga mwingi, wakajichoma tena. Mguu uliokuwa mtupu haukujaa tu, bali ulipita ule mwingine mara mbili. Damu ni moja, chakula ni kimoja, tumbo ni moja, lakini mguu uliofanya kazi ndio uliochukua. Mtu mwenye kisukari akisikia habari hii ayatege masikio yake, maana tutairudia.

Basi, kama mambo yangeishia hapo, tungesema kwamba mtu wa wanga kidogo aiuze kinga yake. Hayakuishia hapo. Mwaka 1983 mganga Phinney wa Marekani na wenzake waliwachukua waendesha baisikeli watano wenye mazoezi, wakawapa chakula chenye wanga chini ya gramu 20 kwa siku, si kwa siku tatu au nne, bali kwa majuma manne. Kabla ya chakula kile, kwa mwendo wa kadiri, watu wale walichoka baada ya dakika 147, ukichukua wastani wao. Baada ya majuma manne ilikuwa dakika 151. Mwili ulikuwa umejifunza kuchoma makala. Ila tazameni vema: ni wastani. Katika wale watano mmoja alizidi sana, mwingine akapungua. Tena mwendo ulikuwa wa kadiri. Nguvu ya kukimbiza ghafula haikuwa sawa na ile ya kwanza. Na mwaka 2017 Burke na wenzake huko Australia waliwapima wanariadha wa mashindano ya kutembea waliokula mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa majuma matatu. Walichoma mafuta kwa ajabu, lakini kwa mwendo wa mashindano walihitaji hewa nyingi zaidi kuliko wenzao, wala muda wao wa kilometa 10 haukupungua, hali wenzao waliokula wanga waliongeza mwendo.

Sisi hatushindani na mtu. Nyanya hazipewi nishani. Lakini mlima uko, na mzigo uko, na soko lina saa yake. Ukichelewa, wanunuzi wa kwanza wamekwisha kwenda. Kwa hiyo swali letu halikuwa kama wanga ni adui au rafiki. Watu hupenda kubishana hivyo chini ya mwembe. Swali letu lilikuwa la gramu na la saa.

Vitabu vya waganga wa michezo vyasema kwamba katika safari inayopita saa moja mtu ale wanga gramu 30 mpaka 60 kwa saa, na kwa safari ndefu sana yenye mwendo mkali hata 90, mradi iwe sukari za aina mbili zilizochanganywa, maana mlango mmoja wa utumbo haupitishi zaidi ya 60 hivi kwa saa. Wale wa Tour de France hufika huko, na leo wengine hupita. Mganga wetu alicheka tulipomwonyesha hesabu ile. Gramu 90 kwa saa ni zaidi ya ngumi mbili za bukari. «Ninyi si Tour de France,» alisema. «Anzeni na sifuri, mpande polepole, kila kipimo juma zima.»

Tulifanya hivyo. Ili hesabu iwe ya haki, mzigo ulikuwa uzito uleule, na saa tuliipima kutoka daraja moja mpaka lango la soko. Asubuhi kabla ya kutoka tulikula mayai na mboga. Sukari ya damu tuliipima tukitoka, tukifika Kipushi, na tukifika sokoni. Si kila safari, kwa sababu vikaratasi vya kupimia vyauzwa kwa bei, bali safari moja kwa juma kila mtu.

Majuma mawili ya kwanza ya kula wanga kidogo hatuyahesabu. Miguu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetembea matopeni, kichwa kiliuma, na mzani ukaonyesha tumepungua kilo mbili. Majirani walitusifu. Lakini kilo zile zilikuwa hasa maji: kila gramu ya glikojeni hukaa pamoja na maji gramu 3 hivi, ikitoka hutoka nayo. Tena mtu anayepunguza wanga hupoteza chumvi kwa mkojo. Mganga alipima mpigo wa damu, akaona ni mzuri, akaturuhusu tutie chumvi ya kutosha katika mchuzi wa samaki. Kichwa kikapoa. Mwenye damu inayopanda asifanye hivi bila kuuliza.

Baadaye daftari ilianza kusema. Kwa yule mkubwa, kwenda Kipushi kinga ikiwa tupu hakukuhitaji kitu. Saa mbili, maji tu, naye alifika mzima, sukari 100 na kidogo. Huo ndio ushindi wa makala. Kurudi na mzigo bila kula kitu kulikuwa habari nyingine: saa ya kwanza vema, ya pili vema, ya tatu pedali zilikuwa kama zimefungwa kamba, na muda uliongezeka dakika 20. Gramu 10 kwa saa hazikubadili mengi. Gramu 20, dakika zilianza kurudi. Gramu 25, alifika kwa muda wake wa zamani, na sukari ilikuwa kati ya 110 na 130. Tulijaribu pia 40, kwa sababu mtu hupenda kujua mwisho wa jambo. Hakufika upesi zaidi hata dakika moja, na kipimo sokoni kilionyesha 190. Basi kipimo chake kikaandikwa kwa wino: gramu 25 kwa kila saa ya mzigo, na hakuna kitu kwa saa za kwenda.

Mdogo hakuwa hivyo, na hapa tunaomba msomaji asome polepole. Wote wawili twameza metformini. Lakini mdogo humeza pia kidonge cha pili, glibenklamidi, kinacholazimisha kongosho kutoa insulini. Metformini peke yake si rahisi kuishusha sukari kupita kiasi. Kile cha pili chaweza, hasa mtu akifanya kazi ya miguu na kula kidogo. Katika juma la gramu 10, tulipokuwa tumebakiza kilometa 8 tuingie mjini, mdogo aliyekuwa akizungumza tangu Kipushi alinyamaza. Kinga ikaanza kwenda upande huu na upande huu. Akasema: «Yaya, njia imekuwa mbili.» Jasho lilikuwa baridi, mikono ilitetemeka. Tulishuka kando, tukapima: 58. Chini ya 70 ni hatari. Tulikuwa na chupa ndogo ya maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari, gramu 16 hivi, ambayo mganga aliagiza isikose kamwe katika mfuko. Alikunywa yote. Tukangoja dakika 15 chini ya mti, magari ya mizigo yakipita na vumbi lake, tukapima tena: 84. Akala ndizi, akakaa kidogo, ndipo tukaendelea kwa kusukuma kinga mpaka mapigo yake yalipotulia.

Siku ya pili yake tulikuwa kwa mganga na daftari. Hakukasirika, alisema ndiyo kazi ya daftari. Alikipunguza kidonge cha pili cha asubuhi kwa siku za safari. Aliagiza kwamba mdogo asitoke nyumbani kabla ya kupima. Akiwa chini ya 100, ale kwanza gramu 15. Kipimo chake cha njiani kilitafutwa upya, nacho kikawa 15 kwa saa hata kinga ikiwa tupu, na 30 kwa saa ya mzigo. Ndugu wa tumbo moja, njia moja, mzigo mmoja, na hesabu zetu hazifanani. Kwa hiyo msomaji mwenye kisukari asizinakili gramu zetu. Hasa yule anayejichoma insulini, na yule anayemeza vile vidonge vipya vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo: huyu wa pili akipunguza wanga sana aweza kujaza damu yake ketoni mpaka iwe kali kama siki, na sukari isionyeshe kitu kikubwa. Shurti mganga ajue kwanza.

Gramu hizo twazila kwa chakula gani? Tumevijaribu vingi. Ndizi mbivu ya kadiri ina wanga 25 hivi, ina ganda lake mwenyewe, haitaki karatasi. Twaila nusu, na baada ya dakika 30 nusu ya pili. Kula kidogo kidogo kwafaa kuliko kula yote pamoja na kuiona sukari ikipanda kama kima. Kiazi kitamu kilichochemshwa, kile kidogo cha gramu 100, kina 20 kidogo, nacho hushikamana na tumbo vizuri wakati wa baridi. Asali kijiko kikubwa kimoja ni 17. Soda ni upesi sana, chupa ya sentilita 33 ina gramu 35, nasi twaiacha kwa siku ya hatari. Mikate ya mafuta inayouzwa njiani ina harufu inayomwita mtu kwa jina lake, lakini mafuta yake huchelewesha tumbo; ukiwa na haja ya sukari sasa, itakuja baada ya safari. Karanga nazo ni hivyo. Karanga ni chakula kizuri cha nyumbani, zina wanga 16 tu kwa gramu 100, lakini mtu anayetetemeka usimpe karanga. Munkoyo ni kinywaji chetu, nasi twaupenda, ila kila mama ana munkoyo wake, huu mtamu, ule mchachu, na chupa ya leo si chupa ya juzi. Hatuutii katika hesabu, twaunywa sikukuu.

Kuna jambo moja la kuchekesha ambalo ni kweli. Katika chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 2009, walitangaza kwamba waendesha baisikeli waliosukutua kinywa kwa maji ya sukari na kuyatema, bila kumeza hata tone, walikwenda upesi kuliko waliosukutua maji yenye utamu usio sukari. Kumbe kinywa hupeleka habari kwa ubongo, nao huifungulia miguu. Jambo hili lahusu kazi kali ya saa moja. Tulijaribu mlimani karibu na mwisho wa njia, na yule mkubwa asema lamsaidia. Ila mdogo humeza. Asema hawezi kutema sukari aliyoinunua kwa franka zake.

Sasa turudi kwa mguu wa Stockholm. Mguu uliofanya kazi una kiu ya wanga; hufungua milango yake na kuivuta sukari kutoka katika damu, hata insulini ikiwa chache, na kiu hiyo huendelea saa nyingi baada ya kazi, mara nyingi mpaka siku ya pili. Kwa mwenye kisukari hiyo ni zawadi. Wanga uleule unaopanda mpaka 200 siku ya kuketi, jioni ya siku ya kinga hupita kimya. Tulipoiona habari hii katika daftari yetu wenyewe tulifurahi kama watoto. Kwa hiyo tumeuhamisha bukari. Siku za kuketi ni ngumi ndogo, na mara nyingine hakuna. Jioni ya siku ya safari twapika unga gramu 80 kwa mtu, bukari wa kuonekana, na hakuna anayetunyima. Wanga wa njiani twauhesabu mbali, hauli fungu la jioni. Siku hizo jumla hupita 130, wakati mwingine hufika 180, na mganga ameridhika, maana umechomwa. Mdogo hupima kabla ya kulala, kwa sababu kiu ya misuli haijui usiku. Akiwa chini ya 100 hula kiazi kidogo na karanga chache, na hapa karanga zina kazi yake.

Shida iliyobaki ilikuwa ya heshima. Mtu akienda kwa mama mkwe wake hawezi kuketi mbele ya bukari mkubwa na kuumega kama ndege. Kule hakuna gramu. Mama mkwe mmoja, baada ya kuona mkwe ameacha nusu, aliuliza kama binti yake alimfundisha kiburi. Kumweleza kongosho na insulini ilikuwa kazi bure. Tukapata njia: siku za kuwatembelea wakwe twakwenda kwa kinga. Kwa mmoja ni kilometa 18, kwa mwingine 22. Twafika tumetoka jasho, mguu una kiu, bukari unaliwa kwa haki mbele ya mama, naye anashukuru. Kisha twarudi tena kwa kinga. Mama mkwe yule sasa asema ugonjwa umempa mkwe wake adabu.

Kipimo cha mwisho cha miezi mitatu, kile kinachoitwa hemoglobini A1c, kilikuwa 6,8 kwa mkubwa na 7,1 kwa mdogo. Mwaka jana wote wawili tulikuwa juu ya 9. Mganga angependa mdogo ashuke chini ya 7, lakini asema hatakubali kuinunua sehemu hiyo ndogo kwa kuanguka njiani.

Mwezi ujao tunakwenda Likasi, kilometa 120, kumpelekea shemeji kinga aliyoiagiza. Ni saa nane, labda tisa, na milima si ile ya Kipushi. Mganga ametuandikia: mkubwa aanze kula baada ya saa ya kwanza, gramu 25 zilezile, na asiongeze mpaka pumzi imlazimishe, mdogo aache kidonge cha pili asubuhi ile, apime kila saa mbili, na asitangulie mbele peke yake. Vikaratasi vya kupimia tumekwisha nunua kumi. Chumvi imo, chupa mbili za maji ya sukari zimo. Ndizi tutanunua njiani.